Kazi Tatu za Neno "Kali": Uhakiki wa Istilahi za Asidi na Besi Zinapofika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili: neno limetoka wapi, na je, limekubalika? Tangu BAKITA lilipoundwa mwaka 1967 na baadaye kuanza kutoa orodha zake za Tafsiri Sanifu, na hasa baada ya TUKI kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mjadala umekuwa kati ya wanaotaka maneno ya kimataifa yaliyotoholewa na wanaotaka maneno yenye mizizi ya Kibantu. Vigezo vya Kiingi, vinavyojulikana kwa kifupi kama PEGITOSCA, vimewapa watafiti wengi ngazi ya kupimia: usahihi, uwekevu, uzalishi, umataifa, uangavu na vinginevyo. Vigezo hivyo vina manufaa, lakini vinalipima neno likiwa limelala ndani ya orodha. Makala haya yanalipima likiwa kazini, yaani linapotamkwa mbele ya mtu ambaye, baada ya kulisikia, atakwenda kutenda jambo.

Mahali pa upimaji huo ni Mbinga pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa, eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay. Mtu akishuka kutoka milima ya Wamatengo, inayokaribia mita 2,000, hadi ziwani, kwenye mwinuko usiozidi mita 500, hupita katika mfululizo mzima wa asidi na besi ambao mwanafunzi wa kemia huuona kwenye chupa. Juu kuna mibuni katika udongo unaozidi kuwa mchachu. Kwenye mitambo ya kuoshea kahawa kuna matangi ya kuchachushia. Majumbani kuna togwa, magadi na maji ya betri. Na chini kuna ziwa ambalo maji yake yako upande wa besi. Hoja ya makala ni kwamba udhaifu mkubwa wa istilahi zetu za asidi na besi hautokani na kutohoa. Unatokana na neno letu wenyewe, kivumishi -kali, lililobebeshwa kazi tatu zisizofanana, na pia na pengo la dhana moja, bafa, ambayo bila hiyo ushauri wa kilimo unaotolewa kwa Kiswahili sanifu kabisa unaweza kumpotosha mkulima.

2.0 Ukali, uchachu na kukolea

Katika matumizi ya kawaida ya vitabu na madarasa, -kali huandamana na asidi kwa njia tatu. Kwanza, hutaja ladha na athari: asidi ni kitu kikali, huwasha ulimi na huchoma ngozi. Pili, hutaja wingi wa asidi katika maji: asidi iliyotiwa maji kidogo huitwa kali, iliyotiwa maji mengi si kali. Tatu, hutaja tabia ya asidi yenyewe, yaani kiasi cha molekuli zake zinazoachia ioni za haidrojeni ziingiapo majini. Kwa maana hii asidi ya haidrokloriki ni "asidi kali" na asidi ya siki ni "asidi dhaifu".

Maana ya pili na ya tatu hazihusiani kabisa, na hapo ndipo neno linapovunjika. Tuchukue asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa moli 0.001 kwa lita. Kwa maana ya tatu ni asidi kali, tena miongoni mwa kali kuliko zote katika maabara ya shule. Hata hivyo pH yake ni 3, na maji ya limau, ambayo asidi yake huhesabiwa kuwa dhaifu, huwa na pH inayokaribia 2. Kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni mara kumi, limau lenye "asidi dhaifu" lina ioni za haidrojeni takriban mara kumi zaidi ya ile "asidi kali". Kwa upande mwingine, asidi ya siki isiyotiwa maji kabisa huunguza ngozi vibaya, ingawa jina lake la darasani ni dhaifu. Mhudumu wa maabara aliyefundishwa kwamba chupa imeandikwa "dhaifu" hana sababu ya kuvaa glavu.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno. Msemaji wa kawaida wa Ruvuma hasemi togwa ni kali. Husema imechacha, au ni chachu. Pombe ndiyo kali. Ulanzi uliogemwa asubuhi ni mtamu, wa siku ya pili au ya tatu ni mkali, na kila mnywaji anajua kwamba ukali huo si uchachu peke yake. Chumvi katika mboga haiwi kali, hukolea. Dawa ni chungu. Hapa pana mgawanyo wa kitaalamu uliokwisha kufanywa na wasemaji kabla ya kamati yoyote: uchachu ni wa asidi, kukolea ni kwa wingi wa kitu ndani ya kimiminika, ukali ni wa nguvu inayomshinda mtu. Togwa inapochacha, bakteria hugeuza sukari kuwa asidi ya laktiki na pH hushuka chini ya 4. Kiwango hicho huwatesa vijidudu wengi waletao kuhara. Mama anayesema togwa imechacha vizuri ametoa taarifa sahihi ya kikemia. Angesema imekuwa kali, angekuwa ametoa taarifa nyingine.

Makala haya yanapendekeza, basi, kwamba asidi zigawanywe kuwa zenye nguvu na dhaifu, zilizokolea na zilizozimuliwa, na kwamba kivumishi -kali kiachiwe lebo za hatari, ambako kinafaa sana. Kitabu kikisema "asidi dhaifu iliyokolea, ni kali", maneno yote manne yanakuwa na kazi na hakuna hata moja linalomdanganya msomaji.

Tindikali linahitaji maelezo yake. Katika kamusi ni kisawe cha asidi, na kwa muda mrefu lilionekana kuwa mshindani wake wa kienyeji. Lakini maneno hayakai mahali pamoja. Habari za watu kumwagiwa tindikali, hasa zile za Zanzibar mwaka 2013, zimelifunga neno hilo kwenye silaha na makovu. Leo bwana shamba akiwaambia wakulima kwamba udongo wao una tindikali, picha inayokuja si ya udongo uliopoteza kalisi, bali ya kitu kilichomwagwa. Kuna swali linalofuata kwa haki kabisa: nani ameimwaga? Huku nyuma, tindikali halisi inauzwa madukani ikiitwa maji ya betri, ilhali takriban theluthi moja ya uzito wake ni asidi ya salfuriki. Kiswahili cha mtaani kimekiita maji kile kinachounguza, na Kiswahili cha ofisini kimekiita tindikali kile ambacho mtoto hukishika kwa mikono akipanda mahindi. Haifai kumlaumu muuza duka kwa la kwanza bila kuihakiki ofisi kwa la pili. Kwa udongo, neno sahihi ni uchachu, na udongo wenyewe ni udongo mchachu.

3.0 Neno lililokosekana shambani

Mkulima wa kahawa Mbinga hufahamu mbolea kwa herufi zake: SA, CAN, na kadhalika. Salfeti ya amonia, ambayo ndiyo SA, huacha uchachu kwa sababu bakteria wa udongo hugeuza amonia kuwa naitreti na katika kazi hiyo huachia ioni za haidrojeni. CAN, iliyochanganywa na chokaa, huleta uchachu mdogo zaidi. Mvua nyingi za milimani nazo huchukua kalisi na magnesi kuzipeleka mitoni. Udongo unaposhuka chini ya pH 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi. Ushauri unaotolewa ni chokaa. Mpaka hapo istilahi zinatosha.

Swali la pili la mkulima ndilo linaloziangusha: chokaa kiasi gani? Hebu tufikirie mashamba mawili yaliyopimwa na kukutwa yote na pH 5. Moja ni la kichanga, jingine lina mfinyanzi na mboji nyingi. Kwa lugha tuliyo nayo, mashamba hayo yana uchachu sawa, na kwa mantiki ya lugha hiyo yanastahili chokaa sawa. Kwa kweli la pili linaweza kudai mara kadhaa ya kiasi kinacholitosha la kwanza. Sababu ni kwamba kipimo cha pH huhesabu ioni zilizo huru katika maji ya udongo tu, wakati uchachu mwingi umeshikwa juu ya chembe za mfinyanzi na mboji, na huachiwa kidogo kidogo kila chokaa inapoondoa ule ulio huru. Tungeweza kusema udongo una uchachu wa wazi na uchachu wa akiba. Mkulima anayetia chokaa, akapima, akaona pH haikusogea, hutafsiri kwamba chokaa ni feki. Pengine ni feki kweli, madukani lolote huwezekana. Lakini mara nyingi udongo wake unafanya hasa kile ambacho udongo mzuri hufanya.

Tabia hiyo ya kupinga mabadiliko ya pH ndiyo bafa. Katika maandishi ya Kiswahili dhana hii hutokea kwa nadra, na inapotokea hubaki katika kemia ya sekondari ya juu, pamoja na hesabu za asidi ya siki na asetati ya sodiamu, kana kwamba haina maskani nje ya chupa. Jina bafa lenyewe si baya. Linatoholeka vizuri na halina maana ya zamani ya kulichanganya. Ila halielezi chochote, na dhana inayopaswa kuelezwa shambani bila mwalimu inahitaji neno linalobeba angalau nusu ya maelezo. Neno "kizuizi", ambalo mfasiri wa haraka angelikimbilia, linasema uongo: bafa haizuii, huchelewesha, na ina mwisho wake. Kitenzi kuhimili kinafaa zaidi. Anayehimili mzigo anaubeba, hutikisika kidogo, na ukizidi humwangusha. Ndivyo bafa ilivyo, hata katika kuishiwa. Kwa hiyo tunapendekeza kihimili kwa kitu na uhimilivu kwa tabia, na bafa ibaki kama kisawe cha kimataifa. Itadaiwa kwamba uhimilivu umeshachukuliwa na wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli, lakini maana zao ni ndugu, na mkulima anayesikia kwamba udongo wenye mboji una uhimilivu mkubwa hatapotea katika maana yoyote kati ya hizo mbili.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Wamatengo kwa sababu ya ngolo. Kilimo hicho cha mashimo katika miteremko, ambamo nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana na kufukiwa kwa udongo, kimechunguzwa sana, yakiwemo yale ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na sifa zake zinazotajwa zaidi ni kuzuia mmomonyoko na kutunza unyevu. Nyasi zinazooza ndani ya matuta huongeza pia mboji, na mboji ni kihimili. Maandishi ya Kiswahili yanayosifu ngolo husifu umbo lake. Kemia yake hukosa sentensi, kwa kuwa hakuna jina la kuianzishia.

4.0 Magadi na ziwa

Kuhusu besi tutasema machache. Neno limetoholewa, ni fupi, na mgongano wake na gitaa la besi haujamdhuru mtu. Alikali lina ukoo mzuri zaidi, maana linatokana na Kiarabu kwa majivu ya mimea ya chumvi, na maji ya majivu yanajulikana katika kila jiko la kuni. Ni sahihi kwamba alikali ibaki kwa besi zinazoyeyuka majini na besi iwe jina la jumla.

Magadi ni jambo jingine, na ni ajabu kwamba uhakiki wa istilahi umelipita neno hili bila kusimama. Magadi yachimbwayo katika maziwa ya Bonde la Ufa, likiwemo lile la Kenya lenye jina hilohilo, ni madini ya trona: molekuli moja ya kaboneti ya sodiamu kwa moja ya baikaboneti yake, pamoja na maji. Mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ni kihimili kamili, chenye pH inayokaribia 10. Mpishi anayetia kipande cha magadi katika maharage ameweka bafa chunguni. Akizidisha kidogo, mambo hayaharibiki ghafla, kwa sababu hiyohiyo. Mfano wa kwanza wa bafa katika kitabu cha Kiswahili ungepaswa kuwa huu, si asetati. Tatizo ni kwamba madukani magadi soda ni baikaboneti peke yake, na jina moja linafunika vitu viwili. Kitabu kingelazimika kusema magadi ya jiwe na magadi ya unga, jambo ambalo wauzaji wengi wanaweza kulielewa bila kuelekezwa.

Chini ya milima, Ziwa Nyasa linatoa mfano mkubwa zaidi wa dhana hiyo. Mvua safi huwa na pH ya karibu 5.6, kwa kuwa huyeyusha kaboni dayoksaidi ya hewani. Huanguka juu ya ziwa na huteremka kwa mito kama Ruhuhu, lakini maji ya juu ya ziwa hubaki juu kidogo ya pH 8. Kinachoyashika ni baikaboneti, yenye asili ya miamba iliyooza polepole. Mchana mwani hunyonya kaboni dayoksaidi na pH hupanda kidogo. Usiku viumbe hupumua nayo hushuka. Usipa huishi katika mpaka huo mwembamba wala hautambui. Kwenye vina virefu ambako oksijeni haifiki, kaboni dayoksaidi ni nyingi na pH iko chini kuliko ya juu. Mtoto wa Liuli au Lituhi aliyeambiwa kwamba bafa ni "myeyusho wa asidi dhaifu na chumvi yake" ameambiwa ukweli, na hakuambiwa kwamba ameoga ndani yake.

Inafaa hapa kumjibu mtu atakayesema kwamba hoja zetu zinaelekea kwenye uangavu kwa gharama ya umataifa. Haiko hivyo. Neno angavu linaweza kuzeeka vibaya. Lavoisier aliita gesi moja kwa jina lenye maana ya mzaa-asidi, akiamini kwamba kila asidi ina gesi hiyo. Asidi ya haidrokloriki haina. Sisi tuliopokea oksijeni kama sauti tupu hatukurithi kosa hilo, ilhali Wajerumani wanalitamka kila siku katika neno lao la gesi hiyo. Asidi, besi na ioni zibaki kama zilivyo. Uangavu unahitajika pale ambapo mtu anatenda kwa kulisikia neno.

5.0 Kiashiria na kikomo

Litimasi hutengenezwa kwa kuvumwani, viumbe vidogo vitambaavyo juu ya miamba na magome. Viumbe vya jamii hiyo vilikuwa bidhaa ya kusafirishwa kutoka Pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 kwa ajili ya rangi. Jina lilirudi kwa njia ya Kiingereza likiwa geni. Lakini si asili ya litimasi inayotusumbua. Ni maelezo yanayorudiwa kwamba kiashiria huonyesha kama kimiminika ni asidi au besi. Maelezo hayo yanaifaa litimasi kwa kiasi chake, kisha yanahamishiwa kwa viashiria vya titresheni, ambavyo wanafunzi wa kidato cha nne huviita MO na POP, na huko ni uongo.

POP, yaani fenofthalini, haina rangi chini ya pH 8.2 hivi, kisha huanza kuwa ya waridi. MO, yaani methili ya chungwa, ni nyekundu chini ya 3.1 na ya manjano juu ya 4.4. Mwanafunzi akichota maji ya ziwa pale Mbamba Bay na kuyatia POP, mara nyingi hataona rangi, au ataona waridi hafifu mno. Kwa kanuni aliyokariri atajibu kwamba si besi. Akitia MO katika maji ya mvua au katika maji yaliyochujwa kutoka udongo wenye pH 5, ataona manjano na kujibu kwamba si asidi. Udongo unaodhuru mibuni ya jirani umetiwa alama ya besi. Kiashiria hakipimi asidi wala besi. Kinatangaza kwamba alama fulani imevukwa, na kila kiashiria kina alama yake. Choya, ambayo hupatikana kirahisi kuliko chupa za maabara na hugeuka kutoka wekundu hadi ukijani ikikutana na magadi, ingefaa kuanzishia somo, kwa sababu rangi zake kadhaa zinaonyesha wazi kwamba hakuna mstari mmoja tu.

Dhana hii wakulima wanayo mikononi. Kahawa iliyomenywa huachwa tangini ichachuke ili ulenda uachane na mbegu. Anayesimamia huchota konzi na kuisugua: ikiteleza, bado, ikikwaruza kama changarawe, ioshwe. Mkono wake haupimi pH, ambayo wakati huo imeshuka kuelekea 4, wala haupimi ulenda. Unatangaza kuvukwa kwa alama. Akichelewa, uchachushaji unaendelea bila mkono kusema lolote jipya, na kahawa huvunda, ikapoteza ule uchachu safi ambao waonjaji huulipia. Tofauti kati ya pale mchakato unapokamilika na pale ishara inapoonekana ndiyo tofauti ambayo vitabu vya titresheni huifundisha kwa shida, kwa kuwa vyote viwili huitwa mwisho. Kikomo kingefaa kwa ishara inayoonekana. Kwa ukamilifu wenyewe, pale ambapo asidi na besi zimemalizana kwa uwiano wao, tunapendekeza mtanguano, kutokana na kutangua, kitenzi kilichozoeleka katika ndoa na udhu. Kuzimua kubaki kwa kutia maji. Mtu huzimua asidi kwa maji na huitangua kwa chokaa, na matendo hayo mawili, ambayo leo hutajwa kwa kitenzi kimoja, hayana matokeo sawa kwenye betri iliyomwagika wala shambani.

Jaribio la mwisho la istilahi hizi lingekuwa magadi ya jiwe yenyewe. Yayeyushwe majini, yatiwe POP, kisha asidi ya haidrokloriki idondoshwe. Waridi hupotea mapema: kikomo cha kwanza, kaboneti yote imekuwa baikaboneti. Itiwe MO na udondoshaji uendelee. Manjano hugeuka: kikomo cha pili, baikaboneti yote imetanguka. Kwa trona safi, asidi ya safari ya pili ni maradufu ya ile ya kwanza, kwa sababu inatangua baikaboneti iliyozaliwa sasa hivi pamoja na ile iliyokuwamo jiweni tangu mwanzo. Mwanafunzi anaweza kuyaeleza yote hayo kwa Kiswahili bila kutumia neno kali hata mara moja.